Kunasa Kisomo kwa Kompyuta ya Nyumbani Bila Kukiharibu

Siku hizi kompyuta zimeingia katika nyumba nyingi za Waislamu, hata huku kwetu Usangi katika milima ya Upare, na vijana hunasa kwazo visomo vya madrasa, kasida za Maulidi na mawaidha ya wazee. Twalisifu jambo hili. Lakini katika mengi tuliyosikilizishwa, sauti hukwaruza kila msomaji anapoipaza, na mwenye kunasa hudai kwamba kompyuta ni mbovu. Sivyo. Aghalabu kompyuta ni nzima, ila imepewa sauti kubwa kuliko nafasi iliyo nayo.

Maana kompyuta huipima sauti na kuiandika kwa nambari. Kwa kipimo cha CD hupima mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo hakipiti 32,767 kwenda juu wala 32,768 kwenda chini. Hapo nambari zimekwisha. Wimbi likizidi hukatwa kichwa likawa bapa, na ubapa huo ndio mkwaruzo tuusikiao. Kaseti ilikuwa na uvumilivu kidogo, sauti ikizidi iliharibika polepole. Kompyuta haina subira hiyo. Wala kuipunguza sauti baadaye hakufai kitu, kwa kuwa kilichokatwa hakikuandikwa popote.

Katika wimbo wa kawaida huenda msikilizaji akavumilia. Ama katika Qurani, mambo ni mengine. Unene wa sadi na wembamba wa sini husikika sana katika fat-ha inayofuata, na fat-ha hiyo ndiyo yenye nguvu, ndiyo ikatwayo kwanza. Mtoto anayejifunza kwa kusikiliza atafuata kosa ambalo msomaji hakulifanya. Tangu mwaka 1961, kisomo chote cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kilipotolewa Misri katika santuri, watu wengi ulimwenguni wamejifunza kwa sauti iliyonaswa. Basi mwenye kunasa ana sehemu yake katika mafunzo.

Kabla ya kuanza, msomaji na asome mahali anapopaza sauti kuliko pote, si kuhesabu "moja, mbili" kwa upole. Mwenye kunasa atazame kipimo cha desibeli katika programu. Sifuri ndiyo dari. Vilele vya sauti vibaki karibu na 12 chini ya sifuri, yaani kama robo ya urefu wote. Wengi huona kwamba hiyo ni ndogo mno. Si kitu, itakuzwa baadaye bila dhara. Kompyuta ikiwa na kawaida ya kujiongezea sauti yenyewe, izimwe. Kipaza sauti kiwekwe kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi isikipige. Programu ya Audacity, itolewayo bure tangu mwaka 2000, inaweza kuonyesha kwa mistari myekundu mahali palipokatwa. (Mwangwi ule ambao vijana hupenda kuutia katika kasida sisi hatuupendi, lakini hilo ni neno jingine.)

Jambo linalotushughulisha zaidi ni kaseti za zamani. Ziko nyumba ambazo sauti ya babu aliyekwisha kufariki imo katika ukanda mmoja tu. Kijana huchukua waya, huutoa katika redio kaseti na kuuchomeka katika tundu la kipaza sauti. Tundu hilo limefanyiwa umeme mdogo sana, na utokao katika redio huenda ukauzidi mara makumi, hata mia. Katika kompyuta nyingi za mezani tundu la kipaza sauti ni la waridi. Lifaalo ni la buluu. Kompyuta ya mkononi aghalabu haina la buluu, basi atafute kifaa kidogo cha USB chenye tundu hilo. Akikikosa, aishushe sana sauti ya redio.

Ajaribu kwanza kwa kaseti nyingine isiyo na thamani, maana ukanda mkongwe huenda ukakubali kupigwa mara moja tu, kisha ukakatika. Atakachokipata akihifadhi kwa namna ya WAV, mahali pawili, kabla ya kukigeuza MP3 cha kupelekeana kwa simu, na aandike jina la msomaji, mahali na mwaka. Kaseti yenyewe isitupwe.