Msimu wa Mbio za Magari na Barabara za Embu na Meru

Ubingwa wa kitaifa wa mbio za magari nchini Kenya huamuliwa kwa mfululizo wa duru zinazoanza mapema katika mwaka na kumalizika karibu na Krismasi. Kila duru hufanyika sehemu yake ya nchi, na anayekusanya pointi nyingi zaidi msimu unapoisha ndiye bingwa. Msimamizi ni Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, linalotambuliwa na shirikisho la ulimwengu, FIA. Uingereza, Ujerumani na Afrika Kusini zimewahi kuwa na ubingwa wa magari ya kawaida, yaani magari ya familia yaliyoboreshwa kwa mashindano, unaoendeshwa kwenye viwanja vya lami vya kuzunguka. Kenya nayo ilikuwa na viwanja vya aina hiyo Nakuru na Embakasi, lakini havikuota mizizi. Mchezo huu ulikulia kwenye barabara za udongo, na mojawapo ya zile zilizoulea ni barabara inayopita mashariki mwa Mlima Kenya, kutoka Embu hadi Meru.

Mwanzo ni mwaka wa 1953. Kati ya Mei 27 na Juni 1 mwaka huo yalifanyika mashindano ya Coronation Safari, yaliyobuniwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanuni za miaka hiyo ya kwanza zilikuwa na busara kubwa. Gari lilipaswa kuwa kama linavyouzwa dukani Afrika Mashariki, bila kuongezewa nguvu, na madaraja yalipangwa kwa kufuata bei ya dukani. Mkulima wa Timau aliyetaka kununua Volkswagen au Peugeot aliweza kusoma gazetini ni gari lipi lililostahimili njia kama zake na ni lipi lililovunjika springi. Mwaka 1960 mashindano yakaitwa East African Safari Rally, na mwaka 1974 Safari Rally. Ubingwa wa dunia wa mbio hizi ulipoanzishwa mwaka 1973, Safari ilikuwa mojawapo ya duru zake.

Katikati ya miaka ya 1970 njia iliacha kuvuka mipaka ya Uganda na Tanzania, mashindano yote yakabaki ndani ya Kenya, na mzunguko wa Mlima Kenya ukapata uzito mpya. Magari yaliyotoka Nairobi kwa njia hiyo yalipita Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi Meru, kisha yakapanda kuelekea Timau na kuteremkia Nanyuki. Chuka na Chogoria zilihesabiwa kuwa Meru wakati huo, kwa kuwa Tharaka-Nithi ilikuja kuwa wilaya mwaka 1992. Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 100, lakini umbali huo haumwambii msomaji mengi. Kinachoeleza ugumu wa njia ni mito. Rupingazi, Kapingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mara, Mutonga, Thingithu na Kathita yote hushuka kutoka mlimani kwenda kuungana na Tana, na kila mmoja umejichimbia bonde. Barabara inayokwenda kaskazini lazima iyakate mabonde hayo moja baada ya jingine: inateremka kwa kona, inavuka daraja jembamba, inapanda kwa kona, inafika kwenye mgongo wa kilima wenye migomba na kahawa, kisha inaanza kuteremka tena. Sehemu iliyonyooka ilikuwa haba, na aliyeingia konani kwa gia isiyofaa hakupata nafasi ya kujirekebisha kabla ya kona iliyofuata.

Udongo nao ulikuwa mtihani wake. Ule mwekundu uliotokana na volkano, unaozipa Embu na Meru chai na kahawa yake, hushika tairi vizuri ukiwa mkavu. Ukinyeshewa, tabaka la juu huteleza kama sabuni wakati chini bado ni kugumu, hivyo gari huelea juu ya utelezi na breki hazina la kufanya. Kwenye nyanda za chini, kuelekea Mwea na sehemu za Mbeere, kuna udongo mweusi wa pamba, ambao hauna utelezi wa aina hiyo bali hunata: huganda kwenye tairi, hujaza nafasi iliyopo kati ya gurudumu na bodi, na mwishowe gurudumu hukataa kuzunguka. Dereva mmoja aliweza kukutana na aina zote mbili katika usiku mmoja. Tarehe ya mashindano ilizidisha uzito. Kwa miaka mingi Safari ilikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yanapoingia, na upande wa mashariki wa mlima hupokea mvua nyingi kwa sababu umeelekea pepo zinazotoka Bahari ya Hindi.

Hesabu ya ushindi ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Njiani kulikuwa na vituo vya muda, na kila kipande cha njia kilipewa dakika zake. Aliyechelewa alitozwa adhabu kwa kila dakika, na aliyefika mwisho akiwa na adhabu ndogo zaidi ndiye aliyeshinda. Mara nyingi muda uliotolewa ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuutimiza, kwa hiyo shindano likawa la nani amechelewa kidogo kuliko wenzake, katika njia iliyofikia kilomita 5,000 hivi. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Mlima uliathiri pia injini. Mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na njia ya Meru kwenda Nanyuki hupita zaidi ya mita 2,000. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Katika enzi ya kabureta tatizo lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu petroli iliendelea kuingia kwa kipimo kilekile huku hewa ikipungua. Gari lililotengenezwa kukimbia vizuri kwenye joto la nyanda za chini lilikohoa na kutoa moshi mweusi Timau. Mafundi walilazimika kuchagua kipimo cha katikati, au kubadilisha vipande vya kabureta njiani na kuipoteza dakika ambayo ilikuwa imepatikana kwa jasho kwenye mabonde ya Chuka.

Hapa ndipo ujuzi wa wenyeji ulipokuwa na thamani. Dereva aliyezijua barabara za Kenya alitambua kwa rangi ya udongo mahali pa kukanyaga mafuta na mahali pa kupunguza. Alijua kwamba daraja lenye maji ya kahawia limeshapokea mvua ya juu mlimani hata kama anga ya hapo ni safi. Joginder Singh, aliyejulikana kama Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Madereva wa ng'ambo, pamoja na fedha zote za viwanda vyao, walisubiri hadi mwaka 1972 ndipo mmoja wao, Hannu Mikkola wa Ufini, akashinda. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Toyota Celica, na Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Nafasi ile ya nne inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa, kwa kuwa watazamaji waliojipanga kando ya barabara vijijini walimwona mmoja wao akishindana na timu za kiwandani.

Watazamaji hao walikuwa sehemu ya mashindano. Gari lililokwama kwenye tope lilitolewa na mabega ya watu wa kijiji jirani. Lakini barabara ilikuwa wazi kwa kila mtu: matatu, lori la mkaa, ng'ombe na mtoto anayetoka shuleni. Timu tajiri zilipeleka helikopta mbele ya gari ili rubani amwonye dereva kwa redio kuhusu kilicho konani. Timu ndogo hazikuwa na kinga hiyo. Wakati huohuo Embu na Meru zilibadilika. Lami ilifika katika miaka ya 1980, mashamba yakagawanyika, maduka yakasogea hadi ukingoni mwa barabara, na magari yakaongezeka, yakiwemo ya miraa yanayotoka Maua yakiwahi soko la Nairobi. Mteremko wa Nithi unaonyesha hatari iliyobaki: Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye bonde hilo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hakuna sababu yoyote ya michezo inayoweza kuruhusu gari la mashindano kukimbia tena kwenye njia hiyo ikiwa wazi.

Mwaka 2002 ndio uliokuwa wa mwisho kwa Safari ya barabara wazi katika ubingwa wa dunia. Iliporejea mwaka 2021, kituo chake kikuu kilikuwa Naivasha, na ilikuwa na mikondo 18, yaani vipande vya njia vilivyofungwa na kupimwa muda, yenye jumla ya kilomita 320 hivi, mingi yake ndani ya mashamba makubwa na hifadhi. Mtindo huo wa mikondo iliyofungwa ndio unaotumika pia katika duru za ubingwa wa kitaifa, ambazo kwa miaka mbalimbali zimefanyika Nakuru, Eldoret, Machakos, Voi na Nanyuki, pamoja na duru iitwayo Guru Nanak Rally.

Duru moja huenda hivi. Siku ya ukaguzi, magari huangaliwa usalama wake: fremu ya chuma inayozuia paa kubonyea, mikanda, kofia ngumu na mitungi ya kuzimia moto. Kisha dereva na mwelekezi hupita kwenye mikondo kwa mwendo wa taratibu wakiandika maelezo ya njia: kona kali kiasi gani, iko mita ngapi mbele, pana jiwe au mfereji. Siku ya mbio, magari huachiwa moja moja kwa nafasi ya dakika kadhaa, barabara ikiwa imefungwa, na muda huhesabiwa kwa sehemu ya sekunde. Kati ya mkondo na mkondo gari huendeshwa kwenye barabara ya kawaida kwa kufuata sheria za trafiki, na mafundi huligusa katika eneo la huduma pekee, kwa dakika zilizowekwa. Anayeshinda ni yule ambaye jumla ya muda wake kwenye mikondo ni ndogo zaidi.

Nafasi ya kuanza si jambo dogo. Wakati wa kiangazi gari la kwanza hufagia changarawe iliyolegea na kuwaachia wanaofuata njia safi, lakini wao nao hula vumbi lake. Wakati wa mvua mambo hugeuka: wa kwanza hukuta ardhi nzima, na wa kumi hukuta mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya wenzake. Ndiyo maana msimu wenye duru nyingi ni kipimo cha haki kuliko duru moja. Mfumo wa pointi hulipa uthabiti. Katika kipimo kilichoanza kutumika kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2010, mshindi alipata 25, wa pili 18, wa tatu 15, hadi wa kumi aliyepata 1. Kwa kipimo hicho, anayemaliza wa pili mara tatu ana pointi 54, na anayeshinda mara mbili kisha gari likafa duru ya tatu ana 50.

Magari yenyewe yako katika madaraja. Kwa muda mrefu Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza, zenye injini za lita 2 na magurudumu manne yanayovuta, ndizo zilizotawala. Baadaye yakaja ya daraja la Rally2 kama Skoda Fabia na Ford Fiesta, yenye injini ya lita 1.6 na turbo, mepesi na ya gharama kubwa kuyatunza. Chini yake yako ya Rally3, ambayo mwaka 2022 yalitumiwa na vijana McRae Kimathi, Jeremy Wahome na Hamza Anwar. Kimathi alishiriki mwaka huohuo duru ya vijana ya ubingwa wa dunia kwenye theluji ya Sweden. Magari ya kuvutwa na magurudumu mawili yana hesabu yake, na hapo ndipo dereva mwenye kipato cha kawaida huanzia.

Ardhi ya mashindano haya bado ipo Meru na Embu, ila si barabara kuu. Mashamba ya ngano na shayiri ya Timau yana njia za ndani ndefu, zilizo wazi kwa macho na zinazoweza kufungwa kwa kukubaliana na mwenye shamba, na mji wa Nanyuki uko umbali mfupi. Mbeere, kuelekea Siakago na Kiambere, ina barabara za changarawe zenye watu wachache kuliko nyanda za juu, na ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Shirikisho, vilabu na serikali za kaunti hizi mbili zinapaswa kuketi na wenye mashamba, kupima mikondo, kuandaa ambulensi na wasimamizi wa kutosha wa kuwazuia watazamaji wasisimame nje ya kona, na kuomba duru moja katika kalenda ya kitaifa.