Kutoa Injini ya Volkswagen ya Zamani Nyumbani

Soma karatasi hii polepole pamoja na mwenzako huku mkisikiliza. Redio isiposhika vizuri, msihangaike, maana yote ninayosema yamepigwa chapa humu.

Leo tutatoa injini katika motokaa. Tutaifanya kazi hiyo nyumbani, katika gereji ndogo au chini ya banda, bila mashine kubwa ya kunyanyulia. Motokaa tuliyoichagua ni Volkswagen ya zamani, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki wanaikumbuka, kwani mwaka 1962 gari la namna hiyo lilishinda mashindano ya East African Safari. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiyaunda, kule Mexico, kiliacha mwaka 2003. Kwa hiyo aliye nalo leo hana budi kulitunza mwenyewe.

Katika magari mengi ya zamani injini hukaa mbele, nayo hutolewa kwa kuvutwa juu kwa mnyororo. Injini ya Volkswagen hii hukaa nyuma, nayo haivutwi juu, bali huteremshwa chini. Haina rejeta wala maji, maana hupozwa kwa upepo wa feni yake. Imeshikana na giaboksi mahali pane tu. Ukiondoa nati na bolti hizo nne, inatoka. Ndiyo sababu watu husema kazi hii ni ya mchezo. Mimi sikubali. Ni kazi fupi, lakini ina mahali pawili pa kumwua mtu, na hapo ndipo tutakapokawia leo.

Labda wauliza, ya nini kuitoa? Aghalabu ni kwa ajili ya klachi. Ukiona injini inanguruma sana lakini gari halipandi kilima, huenda klachi imekwisha. Au waona oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Yote mawili yako kati ya injini na giaboksi, na huwezi kuyafikia mpaka umezitenganisha.

Tuanze na betri. Iko ndani, chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Inua kiti, ufungue waya wa arthi, uuweke mbali. Usiseme utafanya baadaye. Baada ya muda mfupi utakuwa unashika petroli, na cheche moja ya waya yatosha kuwasha gari, banda, na nyumba ya jirani.

Sasa fungua mlango wa nyuma, utazame injini. Utaona waya nyingi. Hapa ndipo kalamu yako inapofanya kazi. Kata vipande vidogo vya karatasi ngumu. Kabla hujachomoa waya wo wote, andika jina la mahali ulipotoka, ukifunge kipande hicho kwenye waya kwa uzi. Andika KOILI. Andika KABURETA. Andika OILI, kwa ule mwembamba unaowasha taa ya oili. Dainamo ina zaidi ya waya mmoja, basi andika DAINAMO 1 na DAINAMO 2, na alama hizo uzitie pia kwenye dainamo yenyewe, ili waya zisibadilishane. Fundi wa zamani asiyejua kusoma aliyaweka haya yote kichwani. Wengine waliweza sana. Lakini injini ikikaa nje majuma mawili kwa kungojea spea, kichwa husahau, karatasi haisahau.

Pale kwenye kabureta kuna waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye pedeli ya mafuta. Legeza skrubu yake, uuchomoe. Waya huu hupita katika kibomba ndani ya bati la feni, kisha huendelea mbele ya gari. Injini ikirudi nyuma, lazima waya huu ubaki na gari, usifuatane na injini. Mimi nilipata kuusahau. Injini iliporudi kidogo, waya ulikaza, ukaupinda mkono wa kabureta. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku tatu.

Fungua pia bati la nyuma ya injini. Ni skrubu tu.

Sasa twende chini, na hapa nakuomba usome sentensi moja moja. Injini itatoka kwa chini, kwa hiyo nyuma ya gari lazima iinuliwe sana. Kwanza chukua ufito, upime injini toka chini yake mpaka juu ya bati la feni. Kipimo hicho, pamoja na kimo cha jeki itakayoibeba, ndicho kimo cha nafasi unayoitaka chini ya bodi ya nyuma. Ni juu kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kuinua, weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Usitegemee breki ya mkono. Katika gari hili breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua magurudumu hayo, breki hushika hewa, na gari liko huru kwenda mbele. Wengi hawalifikiri jambo hili mpaka gari limesogea.

Inua kwa jeki, lakini usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka stendi mbili za chuma chini ya lile bomba nene la fremu lililo mbele ya magurudumu ya nyuma, moja kila upande, juu ya sakafu ngumu. Usitumie matofali. Tofali hubeba kwa muda, kisha hupasuka ghafula bila kulia kwanza. Gari likisha kukaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono kutoka pande zote. Likitikisika, literemshe uanze upya.

Sasa lala chini. Upande wa kushoto, mbele ya injini, kuna mpira wa petroli. Tangi liko mbele ya gari, na ukiuchomoa mpira huo petroli yaweza kutiririka usoni pako. Uwe na kizibo tayari, bolti nyembamba au ncha ya penseli. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Pasiwe na sigara, wala kibatari, wala jiko la mkaa la mama anayepika upande wa pili wa ukuta. Tumia tochi. Mpira wenyewe ukiwa umepasuka-pasuka, utupe. Mpira mzee wa petroli ndio uliounguza magari mengi ya namna hii.

Fungua kebo mbili za heta na mabomba yake mawili. Hayo hayana shida.

Zile nati na bolti nne huchukua spana namba 17. Mbili ziko chini, nawe utaziona. Mbili ziko juu, na hizo hutafutwa kwa vidole, maana moja imejificha nyuma ya bati la feni. Mara nyingi watakiwa watu wawili, mmoja juu akishika kichwa cha bolti, na mmoja chini akizungusha nati. Fungua za chini kwanza. Halafu, kabla ya kugusa za juu, weka jeki yenye magurudumu chini ya injini, na kipande cha ubao juu yake, uiinue mpaka ibebe. Injini hii ina uzito wa kadiri ya kilo 100. Ni gunia la mahindi. Je, ungelala chini ya gunia la mahindi linaloning'inia?

Bolti ya mwisho ikitoka, usiishushe injini. Kuna mtaimbo wa giaboksi ulioingia katikati ya klachi kama kisu katika ala. Kisu huchomolewa kwa kunyooka. Basi vuta injini nyuma, sawasawa, kadiri ya sentimeta 10, ukiitikisa kidogo kulia na kushoto, huku mwenzako akirekebisha jeki. Ukiiacha injini ining'inie juu ya mtaimbo huo, utapinda mtaimbo au utaharibu klachi. Ikikataa kurudi, usichukue nyundo. Umesahau kitu. Tafuta waya, bolti au kebo iliyobaki.

Ukisha kuona mtaimbo wote uko wazi, na waya wa mafuta umechomoka, teremsha jeki polepole. Mmoja ashike injini isipinduke, nanyi wawili muivute nje kwa nyuma.

Nati na bolti zitie katika kopo, na juu ya kopo uandike zilikotoka. Gari lililo juu ya stendi lifungie nje watoto, kwa maana wao huona chini yake ni kivuli kizuri cha kuchezea.

Juma lijalo tutaifungua klachi yenyewe. Kabla ya hapo, andika katika daftari lako majina ya waya zote ulizozisoma leo, ulinganishe na mwenzako. Kwaheri, ndugu mwanafunzi.