Soksi na Viatu vya Wavuvi wa Barafuni

Katika nchi za kaskazini, kama vile Kanada, Ufini na jimbo la Minnesota katika Marekani, maziwa mengi huganda kila mwaka majira ya baridi yafikapo. Lakini huganda juu tu; chini yake yangali maji, na samaki wangali hai. Sababu yake ni kwamba barafu ni nyepesi kuliko maji, basi huelea na kuyafunika kama kifuniko cha chungu.

Wenyeji wa huko hawaachi kuvua kwa ajili ya baridi. Husubiri mpaka barafu iwe nene. Huko Minnesota watu huonywa wasitembee juu ya barafu mpya kabla haijafika unene wa inchi 4, yaani sentimita 10. Kisha mvuvi hutoboa tundu kwa mtaimbo au kwa kekee kubwa, hutumbukiza mshipi wenye ndoana na chambo, naye huketi kando akingoja. Huenda akangoja saa nyingi, na baridi huenda ikashuka mpaka digrii 20 chini ya sifuri, au hata zaidi.

Hapo miguu yake imo hatarini. Mwili ukipatwa na baridi kali hupunguza damu iendayo katika ncha za viungo, ili kulinda moyo na viungo vingine vya ndani. Vidole vya miguu viko mbali sana na moyo, kwa hiyo hukosa joto upesi. Kwanza huuma, kisha hufa ganzi, na mwisho nyama yenyewe huganda. Wako watu waliokatwa vidole kwa sababu hiyo. Tena ganzi ni adui mdanganyifu, maana mtu asiposikia maumivu tena hudhani kwamba ana nafuu, kumbe ndipo anapoharibika.

Basi mvuvi avae nini? Yampasa kwanza kujua neno moja: soksi haina moto ndani yake, wala kiatu hakina. Joto latoka mwilini na kuletwa na damu. Kazi ya vazi ni kulizuia lisitoroke. Na kizuizi kilicho bora ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za vazi. Ndege hufanya hivyo bila kufundishwa: asubuhi ya baridi hututumua manyoya yake akaonekana mviringo, ili ashike hewa nyingi.

Kwa hiyo mtu aliyevaa soksi tatu katika kiatu kinachobana huweza kuona baridi kuliko mwenye soksi moja nene katika kiatu chenye nafasi. Yule wa kwanza ameiminya hewa ikatoka, tena ameibana mishipa damu isipite vema. Wavuvi wenye ujuzi huvaa soksi nyembamba ndani na nene juu yake, nao huchagua buti kubwa kidogo, hata vidole viweze kuchezacheza ndani.

Jambo hilo lilijulikana sana na msafiri Roald Amundsen wa Norwe. Mwaka 1911, walipokuwa wakijitayarisha kwenda ncha ya kusini ya dunia, yeye na wenzake walizifumua buti zao na kuzishona tena ili zipate nafasi zaidi. Tarehe 14 Desemba mwaka huo waliifikia ncha hiyo.

Soksi za pamba hazifai. Pamba hunywa jasho, nayo maji hushika mahali pa hewa. Na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sufu ya kondoo ni bora, kwa kuwa nyuzi zake zimejipinda, nazo hushika hewa hata zikipata unyevu. Hata hivyo mvuvi mwenye busara huenda polepole asitoke jasho, na akifika mahali pake huvua soksi zilizoloa akavaa kavu.

Buti nazo yafaa ziwe na mpira upande wa chini, ili maji ya theluji yasiingie. Lakini mpira usiopitisha maji kuingia haupitishi jasho kutoka. Kwa hiyo buti nyingi zina kiatu kingine laini ndani, kilichofanywa kwa sufu iliyoshindiliwa, nacho hutolewa kila jioni na kuanikwa.

Soli lazima iwe nene. Mtu ashikaye jembe alfajiri huona chuma chake ni baridi kuliko mpini, ingawa vyote viwili vimelala mahali pamoja. Chuma huchukua joto la mkono upesi. Mti hulichukua polepole. Hali kadhalika soli nyembamba huacha joto la unyayo liingie upesi katika barafu. Ndiyo maana wengine hutandika ubao au mkeka mnene chini ya miguu yao.

Vidole vikifa ganzi, mvuvi asingoje samaki mmoja zaidi, bali aondoke mara moja aende penye joto. Mguu ulioganda usisuguliwe kwa theluji wala kwa mkono, maana nyama huchubuka. Wala usikaribishwe motoni, kwa kuwa ngozi yenye ganzi huungua pasipo mtu kujua. Akiwa mahali ambapo mguu hautaganda tena, na autie katika maji ya uvuguvugu, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Samaki watakuwako kesho, lakini kidole kilichokatwa hakioti tena.