Kisanduku cha moteri ya mashini ya kusaga: kinaweza kupewa breve?



Mu matembezi yetu ya mwezi uliopita, koperative moja ilituuliza ulizo ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Fundi wao wa umeme ametengeneza kisanduku cha kuendesha moteri ya mashini ya kusaga kwa pano za jua. Wingu likipita, mashini haizimiki na mahindi ndani. Inapunguza mwendo, kiisha inaongeza tena jua likirudi. Mchuuzi mmoja alikuja kukiona, na sasa anataka kukiandikisha kwa jina lake na kuwaachia feza kidogo. Tena maonyesho ya mavuno iko karibu, na fundi anataka kukionyesha pale. Wanauliza: kisanduku sawa hiki kinaweza kupewa breve? Na tukikionyesha, tunapoteza nini?

Breve njo nini? Ni karatasi ya serkali inayompa mvumbuzi haki ya kukataza wengine kutengeneza ao kuuza kitu chake bila ruhusa. Mu Kongo, mambo hayo inaongozwa na sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 januari 1982, na muda wa breve ni miaka 20. Naye mvumbuzi, upande wake, anapaswa kueleza wazi namna kitu chake kinafanya kazi.

Sasa tuangalie kisanduku chenyewe. Umeme wa pano unaenda upande moja tu. Moteri ya waya tatu inataka umeme unaogeuka-geuka. Kisanduku kinakata umeme wa pano vipande vidogo sana, maelfu ya mara kwa sekonde moja, na kuupanga upya. Ukigeuka mbio, moteri inazunguka mbio. Ukigeuka polepole, moteri inapunguza. Njo sababu moteri inaweza kuanza polepole. Ukiifunga moja kwa moja ku umeme, wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara 5 mpaka 7 ya umeme wake wa kawaida, na pano haziwezi kubeba ile.

Kwa kupata breve, kitu kinapaswa kupita maulizo matatu.

La kwanza: ni kipya? Hapa njo wengi wanaanguka. Nikola Tesla alipata breve ya moteri ya namna hii mu Marekani mwaka 1888. Kampuni Danfoss ya Denmark ilianza kutengeneza visanduku vya kubadili mwendo wa moteri kwa wingi mwaka 1968. Basi hakuna mtu anaweza leo kusema kwamba kisanduku cha kubadili mwendo wa moteri, kwa ujumla wake, ni chake.

La pili: iko akili mpya ndani? Ukichukua vipande vinavyojulikana na kuviweka tu mu sanduku moja la chuma, fundi mwingine yeyote angewaza hivyo. Hiyo haitoshi. Lakini kama fundi wetu amepata namna ya kujua, kwa kupima umeme wa moteri, kwamba jiwe linakaribia kukwama, na kulizuia kwa njia ambayo mafundi wengine hawangewaza kwa urahisi, ile njia inaweza kupewa breve. Ni ile njia tu, hapana kisanduku kizima.

La tatu: kinaweza kutengenezwa na kutumiwa mu kazi? Hapa hakuna shida. Unga wenyewe ni ushuhuda.

Tusisahau mipaka. Breve inafanya kazi mu inchi iliyoitoa. Kongo haimo mu OAPI ya Yaoundé, wala mu ARIPO ya Harare. Basi muuzaji akiwatisha na karatasi ya inchi ingine, msikimbie. Lakini sheria yetu inajua pia breve ya kuingiza, kwa mtu ambaye amekwisha kupata breve inchi ingine. Kwa hiyo muulize: breve yako ya Kongo iko wapi? Ni ya mwaka gani? Inasema juu ya sehemu gani ya kisanduku?

Turudi ku maonyesho. Kitu kikionyeshwa mbele ya watu, kwa kawaida hakihesabiwe tena kuwa kipya, hata kwa mvumbuzi mwenyewe. Ukitaka breve, peleka ombi kwanza ku wizara ya Industri, kiisha onyesha. Kuanzia siku ile, mapatano ya Paris ya 1883, ambamo Kongo imo, yanakupa miezi 12 ya kuomba mu inchi zingine za mapatano bila kupoteza tarehe yako. Lakini tufanye hesabu: iko malipo ya ombi, malipo ya kila mwaka, na avoka kama mtu anakuibia.

Iko njia ya pili, na wengi hawaijui. Ukieleza kitu chako wazi, na mchoro, na picha, na tarehe, basi hakuna mtu atakayekuja kesho kukipatia breve kwa haki, hata yule mchuuzi. Unapoteza nafasi ya kufunga mlango, lakini naye hawezi kukufungia wewe. Hata makampuni makubwa yanafungua: mwaka 2019 Toyota ilitangaza kwamba wengine wanaweza kutumia bila malipo karibu breve zake 24,000, zikiwemo za moteri na za visanduku vya kuziongoza.

Njia mbaya kabisa ni ya katikati: kumwonyesha mchuuzi kwa siri, bila karatasi yoyote. Sheria inaangalia mvumbuzi wa kweli, lakini kama huna ushuhuda, utasema nini?

Kwa hiyo, mbele ya maonyesho, tunashauri hivi:
- Fundi aandike mu kayee kila alichofanya, na tarehe, na komite itie sahihi.
- Mkutano uamue kisanduku ni cha nani: cha fundi, cha koperative iliyonunua vipande, ao cha wote wawili, na iandikwe mu prose-verbale.
- Mtu wa inje asionyeshwe ndani mbele ya kutia sahihi kwamba atatunza siri.
- Mkutano uchague: breve, ao kufungua kwa wote.

Sisi, kama koperative haina atelye ya kutengeneza visanduku vingi na kuviuza, tunaona kufungua njo afazali. Lakini feza na jasho ni vyenu, na kuchagua ni kwenu. Mchague tu mbele ya siku ya maonyesho, maana kiisha hapo hakuna kurudi nyuma.