Utangulizi: Sera ya Taifa Ikifika Gitega

Wanaoanza kusoma siasa za Rwanda huelekezwa kwanza Urugwiro, kwenye ofisi ya rais, au bungeni Kimihurura. Mimi nakukaribisha uanzie Gitega. Umurenge huu, yaani kata, wa wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali ni mdogo, nyumba zake zimebanana mlimani, na ukitembea kidogo tu umeshafika Biryogo au Nyamirambo, ambako Kiswahili kimesemwa tangu enzi za ukoloni. Hapa hakuna waziri. Kuna mtendaji wa umurenge, ambaye wakazi humwita gitifu, kuna watumishi wachache, na kuna benchi la watu wanaosubiri karatasi. Karibu kila sera kubwa ya Rwanda ya miaka thelathini iliyopita imelazimika kupita kwenye benchi kama hilo. Nyingine zikiwa zimeandikwa vizuri na zimekwama hapo, mwanafunzi hana budi kujua kwa nini.

Taaluma tunayoingia inahusu serikali za mageuzi: zile zinazoshika madaraka baada ya vita au maangamizi na kutaka kupanga upya deni kati ya raia na dola, kwa njia ya bima, ardhi, shule na mabaraza ya chini. Mfano unaofundishwa sana ni serikali ya chama cha Labour cha Uingereza, iliyoingia Julai 1945 chini ya Clement Attlee na kufungua huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kuisoma serikali hiyo. Ndiyo iliyopeleka matrekta Kongwa, Tanganyika, kulima karanga mwaka 1947, mradi uliomeza mamilioni ya pauni na kuvuna kidogo. Ndiyo iliyokuwa madarakani wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kuhamishiwa mbali na pwani. Chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi, na bado mgomo wa wafanyakazi weusi kikauona ni fujo. Ukiisoma Labour ya London bila Mombasa, umesoma nusu.

Lakini mwaka huohuo wa 1947, mwezi Februari, Waziri wa Makoloni Arthur Creech Jones aliwaandikia magavana waraka uliotaka serikali za mitaa ziwe za wenyeji wenyewe na zifanye kazi kweli. Hoja yake ilikuwa kwamba mageuzi hayasimami bila chombo cha chini cha kuyabeba. Rwanda haikuguswa na waraka huo, kwa kuwa wakati huo Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa. Wabelgiji nao walileta mabaraza yao kwa amri ya Julai 1952, huku wakiacha ngazi ya machifu ilivyokuwa. Swali la Creech Jones, hata hivyo, lilirudi Kigali nusu karne baadaye.

Serikali iliyoundwa Julai 1994 ilirithi nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na utawala wa mitaa ambao viongozi wake wengi walikuwa wameshiriki mauaji hayo au wamekimbia. Baada ya vikao vya Urugwiro vya 1998 na 1999, sera ya kugatua madaraka ilipitishwa mwaka 2000. Mwaka 2006 ramani ilichorwa upya: wilaya 106 zikawa 30, na mirenge zaidi ya 1,500 ikawa 416. Watu hulisoma badiliko hilo kama la kiutawala tu, kana kwamba ni kupunguza meza na viti. Mtafiti Benjamin Chemouni amelieleza vingine, na mimi namuunga mkono: kugatua kulikuwa njia ya dola kufika chini moja kwa moja, bila kupitia vigogo wa kati. Tangu 2006 mameya husaini imihigo, mikataba ya malengo, mbele ya rais, na malengo hayo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kijijini.

Sasa tuingie ofisini. Mfano wangu ni bima ya afya, ambayo kila mtu hapa huiita mituweli. Ilijaribiwa mwaka 1999 katika maeneo ya Byumba, Kabgayi na Butare, ikaenea nchini katikati ya muongo uliofuata, na sheria ya 2007 ikamtaka kila mkazi awe na bima ya aina fulani. Kwa miaka kadhaa ada ilikuwa faranga 1,000 kwa mtu kwa mwaka, awe tajiri au maskini. Julai 2011 ada ikafuata uwezo: 2,000 kwa walio chini kabisa, ambao walilipiwa, 3,000 kwa wa kati, 7,000 kwa walio juu. Kwenye karatasi hakuna jambo la haki zaidi ya hilo. Ila nani atasema huyu ni wa kati na yule ni wa juu?

Jibu lilikuwa tayari kijijini. Ubudehe ulianza mwaka 2001 kama mkutano wa wakazi wa kujadili umaskini wao. Walichora chini ramani ya nyumba zao, kisha wakaiweka kila kaya kwenye ngazi moja kati ya sita, kuanzia umutindi nyakujya, yaani fukara asiye na chochote, hadi umukire, tajiri. Mradi huo ulibuniwa ili jirani amtambue jirani na wapange pamoja cha kufanya. Ulipofungwa kwenye ada ya mituweli, na baadaye kwenye misaada mingine ikiwemo mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ngazi ikageuka pesa. Chukulia kaya ya watu sita: baba fundi wa kupaka rangi, mama anauza mboga kwenye agataro, ungo wa mchuuzi wa barabarani, na watoto wanne. Hapo awali walidaiwa 6,000. Wakihesabiwa wa kati wanadaiwa 18,000, wakihesabiwa wa juu 42,000. Kwa hiyo neno la kikao cha kijiji lilikuwa linaamua kama mtoto mwenye homa anapelekwa kituo cha afya leo au anangojwa.

Mjini ugumu ulizidi. Vigezo vya ubudehe vilizaliwa kwenye ardhi na ng'ombe, na Gitega haina malisho. Ngazi zilipopunguzwa kuwa nne mwaka 2015, kipimo kikawa nyumba na kazi: una nyumba yako, unaweza kupanga, una kibarua cha kudumu? Mpangaji wa chumba kimoja mwenye kazi ya siku na mjane aliyerithi nyumba ya vyumba vinne lakini hana kipato, yupi yuko juu ya mwenzake? Malalamiko yakawa mengi nchini, rufaa zikapelekwa, na mwaka 2020 serikali ikatangaza makundi mapya yenye herufi A hadi E ambayo hayangefungwa tena kwenye huduma. Nikisoma mfululizo huu naona sera ikijifunza kwa njia ya masharti iliyoshindwa kuyatekeleza. Ukiniuliza mahali ambapo siasa halisi ya Rwanda ilifanyika kati ya 2011 na 2020, nitakuonyesha rufaa za ubudehe kabla ya kura yoyote ya bunge.

Hapa ndipo London inapotusaidia. Aprili 1951 serikali ya Attlee iliamua wagonjwa walipie nusu ya gharama ya meno bandia na miwani. Waziri aliyeijenga huduma ya afya, Aneurin Bevan, akajiuzulu hadharani, na Oktoba chama kikashindwa uchaguzi. Ugomvi wa ada ulipiganwa juu, mbele ya kila mtu. Rwanda ada zimebadilika mara kadhaa, na ugomvi wake ukapiganwa chini, kaya moja moja. Sehemu ya sababu ni mpangilio wa vyama: Katiba ya 2003 inataka chama kinachoongoza kisizidi nusu ya baraza la mawaziri, na vyama vilivyosajiliwa hukutana kwenye jukwaa la pamoja la mashauriano. Watetezi wa mpangilio huu husema nchi iliyochomwa na vyama vya miaka ya 1990 haiwezi kumudu upinzani wa kupigana. Wakosoaji, Filip Reyntjens akiwa wa sauti kubwa, husema maafikiano ya lazima huficha nani ameshindwa. Nakushauri uwasome wote wawili kwa umakini uleule. Mimi naamini mafanikio ya mituweli ni ya kweli, na kwamba bei yake ilikuwa kumwachia mlipaji mdogo mahali pamoja tu pa kukataa: kwenye kikao cha jirani zake, mbele ya kiongozi wa kijiji.

Utakutana pia na vita vya takwimu. Utafiti wa hali ya maisha ya kaya ulionyesha umaskini umeshuka kutoka asilimia 44.9 mwaka 2010/11 hadi 39.1 mwaka 2013/14. Wachambuzi kadhaa wakasema kapu la chakula linalotumika kupimia mstari wa umaskini limebadilishwa, na ukilirudisha la zamani umaskini umepanda. Usichague upande kwa sababu ya kuipenda au kuichukia serikali. Jifunze kwanza kapu linavyotengenezwa: lina maharage kiasi gani, viazi kiasi gani, na bei za soko lipi.

Maandiko mengi utakayoyahitaji yako kwa Kiingereza na Kifaransa, na magazeti kama Imvaho na Kinyamateka yako kwa Kinyarwanda. Kwa Kiswahili bado ni machache, ingawa tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii. Basi anza hivi. Chukua sheria moja kwenye Gazeti la Serikali, ya mituweli, ya ardhi ya 2005 au ile ya 2007 ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii. Omba kibali chako cha utafiti mapema, maana bila hicho gitifu hatakufungulia faili. Kisha kaa kwenye benchi, msikilize anayesubiri kabla hujamsikiliza anayesubiriwa, na uandike unachosikia kwa Kiswahili ambacho mkazi wa Gitega ataweza kukisoma na kukusahihisha.