Adui wa parachichi huamka jua likizama

Ingia kihamba chochote (shamba la nyumbani) cha Mkuu, Kilimanjaro, saa nane mchana, ukague mparachichi jani kwa jani. Huenda usimwone kabisa. Nondo wa matunda, ambaye wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta, mchana hutulia kwenye gome au majani. Akikunjua mabawa hazidi sentimita mbili, na rangi yake ya kijivu na kahawia humpoteza machoni. Giza likiingia ndipo anapoanza shughuli zake.

Jike hamfuati dume. Hukaa mahali pamoja, hutokeza ncha ya tumbo na kuachia harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii. Dume huinasa kwa papasi zake, kisha huruka akiukabili upepo mpaka amfikie. Harufu ya namna hii huitwa feromoni. Ya kwanza kutambuliwa kikemia ilikuwa ya nondo wa hariri, mwaka 1959: Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walihitaji nondo wapatao nusu milioni ili kupata chembe ya kuipima. Kiasi kidogo mno cha harufu kinatosha kumwita dume gizani.

Akishapandwa, jike hutaga mayai moja moja juu ya ganda la tunda, na maishani mwake anaweza kutaga mamia. Kiwavi akianguliwa hutoboa ganda na kuzama ndani. Akikomaa huwa na rangi ya waridi. Hutoka, hushuka chini na kujifungia kwenye kifuko cha hariri udongoni hadi awe nondo.

Mkulima asimchanganye na nzi wa matunda. Funza wa nzi hana miguu wala kichwa kinachoonekana, na huwa wengi katika tunda moja. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia na miguu, na mara nyingi hukutwa peke yake.

Maisha haya yote huendeshwa na joto. Usiku wa baridi nondo huruka kidogo, na kiwavi hukua polepole. Kwenye joto vizazi hufuatana upesi. Ndiyo maana watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliwafuatilia nondo huyu na nzi katika mashamba ya parachichi kwa kufuata mwinuko, hapa Kilimanjaro na kwenye vilima vya Taita, Kenya. Jirani wa tambarare na jirani wa juu mlimani hawawezi kutumia kalenda moja.

Basi dawa inayopuliziwa mchana inamkosa nani? Inamkosa kiwavi, kwa kuwa yumo ndani ya tunda, na nondo mwenyewe amejificha. Mtego wa gundi wenye feromoni hunasa madume tu, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike kadhaa. Kwa hiyo utumie mtego kujua nondo wameingia lini, usiutegemee kuwamaliza.

Kazi kubwa iko chini ya mti. Okota matunda yaliyodondoka kila siku, kabla viwavi hawajatoka kuingia udongoni. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache juani siku kadhaa, au yafukie kwa kina. Tunda ulilookota mchana ni nondo asiyekuwepo usiku kuitika wito.