Ruta ya Taru Haihitaji Kujua Njia Zote

Mkazi wa Taru anayekwenda Mombasa hahitaji kujua kila mtaa wa mji huo. Akifika barabara kuu, mengine anayajua dereva wa matatu. Mitandao ya kompyuta hupangwa vivyo hivyo.

Ruta zinazotumia itifaki ya OSPF hutangaziana njia. Laini moja ikikatika, habari huenea na ruta hupiga hesabu upya. Mtandao ukikua, ruta ndogo huelemewa. Ndiyo maana hugawanywa katika maeneo, yakiunganishwa na eneo 0, yaani uti wa mgongo.

Tuseme ofisi na zahanati za Taru ni eneo moja, lenye laini moja tu ya kutokea hadi Kwale mjini. Aina za maeneo ni hizi:

• Stabu: matangazo ya njia zinazotoka nje ya OSPF huzuiwa mpakani. Badala yake, ruta ya mpakani hutoa njia moja ya jumla.

• Stabu kamili: hata njia za maeneo mengine huzuiwa. Kebo ikikatika Msambweni, ruta za Taru hazisumbuki.

• NSSA, iliyoelezwa rasmi mwaka 1994: ni kama stabu, ila eneo laweza kutangaza njia za mtandao wa nje uliounganishwa hapo hapo.

Tahadhari: ruta zote za eneo moja sharti ziwekwe aina moja. Moja ikitofautiana, haitaungana na jirani zake, na zahanati inayoitegemea itakosa mawasiliano ingawa kebo ni nzima.